Kutoka Yadi ya Magari Chakavu hadi Barabarani: Breki za Diski za Ford Granada katika Mustang za Awali nchini Marekani

1.0 Utangulizi

Mnamo Aprili 17, 1964, kampuni ya Ford ilizindua gari la Mustang katika Maonyesho ya Dunia ya New York. Bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 2,368, na kabla ya miaka miwili kutimia, zaidi ya Mustang milioni moja zilikuwa zimekwisha kuundwa. Nyingi kati ya hizo zilitoka kiwandani zikiwa na breki za dramu katika magurudumu yote manne. Zaidi ya hayo, matoleo yote ya hadi mwaka 1966 yalitegemea masta silinda yenye mkondo mmoja tu wa mafuta ya breki. Bomba moja likipasuka mahali popote, pedali huzama hadi sakafuni na dereva hubakiwa na breki ya mkono peke yake. Miongo miwili baadaye magari hayo hayo yalikuwa yamegeuka urithi unaotunzwa, lakini yaliendeshwa katikati ya magari mapya yaliyoweza kusimama upesi na kwa uhakika zaidi.

Makala haya yanachunguza namna wamiliki na mafundi wa Marekani walivyolikabili tatizo hilo kwa kung'oa vipuri vya breki za diski kutoka katika magari ya Ford Granada na Mercury Monarch yaliyoundwa kati ya mwaka 1975 na 1980, na kuvifunga katika Mustang za awali. Hoja ya msingi ni kwamba sheria za usalama wa magari zilizotungwa Marekani kuanzia mwaka 1966 hazikurudi nyuma kuyagusa magari yaliyokwisha kuuzwa. Yadi ya magari chakavu ndiyo iliyoyafikishia magari hayo manufaa ya sheria hizo. Hata hivyo, iliyafikisha bila mkaguzi, na hivyo mzigo wa kuamua kipi ni salama na kipi si salama ukamwangukia mmiliki na fundi wake.

Mtazamo wa makala unatokana na wanahistoria wanaoitazama teknolojia kwa matumizi yake badala ya uvumbuzi wake. Edgerton (2006) anasisitiza kuwa matengenezo na vitu vikuukuu vina nafasi kubwa katika historia kuliko inavyokubaliwa kwa kawaida. Lucsko (2016) ameandika historia ya yadi za magari chakavu za Marekani na watu waliozitegemea. Kwa upande wa Tanzania, Grace (2021) ameonesha kuwa gereji ni mahali pa kuzalisha maarifa, wala si mahali pa kuiga tu yale yaliyobuniwa kwingine. Swali ambalo Grace analiuliza kuhusu gereji za Tanzania linaweza kuulizwa pia kuhusu nchi iliyoyaunda magari yenyewe: ni nani hasa anayekamilisha gari baada ya kiwanda kulimaliza?

2.0 Dramu na Diski: Usuli wa Kiufundi na wa Kihistoria

Katika breki ya dramu, viatu viwili vya breki husukumwa kwa nje vikabana ukuta wa ndani wa dramu inayozunguka pamoja na gurudumu. Muundo huu una faida moja kubwa, nayo ni kwamba mzunguko wa dramu wenyewe hukivuta kiatu na kukikaza zaidi, kwa hiyo dereva hahitaji kukanyaga kwa nguvu nyingi. Udhaifu wake ni joto. Dramu inapopata moto hutanuka na kujitenga na viatu, msuguano hupungua, na pedali huendelea kwenda chini huku mwendo wa gari ukipungua kidogo tu. Hali hiyo huonekana hasa katika miteremko mirefu na pale dereva anapolazimika kufunga breki mara nyingi mfululizo. Aidha, maji yakiingia ndani ya dramu hayatoki kwa urahisi.

Breki ya diski huitatua shida hiyo kwa kuiweka sehemu ya msuguano mahali pa wazi. Pedi mbili zilizomo ndani ya kalipa huibana diski pande zote mbili, joto hupotelea hewani, na maji hurushwa nje na mzunguko wa diski. Hata hivyo, breki hii haijikazi yenyewe, hivyo huhitaji shinikizo kubwa zaidi la mafuta. Tofauti hiyo ina uzito wa pekee kwa yeyote anayebadili mfumo mmoja kuwa mwingine, kama itakavyoelezwa katika sehemu ya 5.0.

Wazo la diski halikuwa geni. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alilipatia hataza mwaka 1902, ingawa pedi zake za shaba zilipiga kelele isiyovumilika. Nchini Marekani, kampuni ndogo ya Crosley ilijaribu breki za diski mwaka 1949, lakini chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ilizila, na kampuni ikarudi kwenye dramu. Ushindi wa Jaguar katika mashindano ya Le Mans ya mwaka 1953, kwa gari lenye diski zilizotengenezwa na Dunlop, ndio uliowashawishi wengi. Mwaka 1955 Citroën DS ilitokea Ufaransa ikiwa na diski katika magurudumu ya mbele. Kwa upande wa Mustang, diski za mbele za Kelsey-Hayes, zenye kalipa ya pistoni nne, zilitolewa kwa toleo la mwaka 1965 kama nyongeza ya kulipiwa. Kwa hiyo kiwanda kilijua ubora wa diski tangu mwanzo, bali kilimwachia mnunuzi aamue kama usalama huo ulistahili kulipiwa.

3.0 Sheria na Ukoo wa Falcon

Uamuzi huo haukubaki mikononi mwa mnunuzi kwa muda mrefu. Mwaka 1965 Ralph Nader alichapisha kitabu chake, Unsafe at Any Speed, kilichowashutumu watengenezaji kwa kutanguliza mtindo mbele ya usalama. Mnamo Septemba 9, 1966, Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Taifa ya Usalama wa Barabarani na wa Magari, iliyoipa serikali kuu mamlaka ya kuweka viwango vya lazima. Kiwango namba 105, kinachohusu breki, kilianza kutumika kwa magari mapya Januari 1, 1968, na kililazimisha mfumo wenye mikondo miwili ya mafuta ili hitilafu katika mkondo mmoja isiondoe breki zote. Kiwango hicho kilifanyiwa marekebisho makali zaidi, yaliyoanza kutumika Januari 1, 1976. Hakikutaja kwamba diski ni lazima, lakini masharti yake ya umbali wa kusimama na ya uwezo wa kustahimili joto yalikuwa magumu kutimizwa kwa dramu za mbele. Hivyo diski za mbele zikawa jambo la kawaida katika magari ya Marekani.

Viwango hivyo vilimhusu mtengenezaji na gari jipya. Marekebisho ya sheria ya mwaka 1974 yaliwakataza watengenezaji, wauzaji na biashara za matengenezo kuondoa au kuharibu vifaa vya usalama vilivyowekwa kwa mujibu wa viwango, lakini hayakumgusa mmiliki aliyelifanyia kazi gari lake mwenyewe. Mwenye Mustang ya mwaka 1965 hakulazimishwa kuiboresha, na hakukatazwa kuibadili.

Wakati huohuo, uchumi wa ndani ya Ford ulikuwa ukiandaa suluhisho bila kukusudia. Mustang haikubuniwa kutoka mwanzo, kwani ilijengwa juu ya msingi wa Ford Falcon, gari dogo la bei nafuu lililoingia sokoni kama toleo la mwaka 1960. Msingi huo uliendelea kutumika katika Ford Maverick ya toleo la mwaka 1970, na kutoka Maverick ikazaliwa Granada ya mwaka 1975 pamoja na nduguye Mercury Monarch. Ford iliitangaza Granada kwa kuilinganisha na Mercedes-Benz, lakini chini ya mapambo yake Granada ilibaki kuwa mjukuu wa Falcon. Kwa kuwa iliuzwa katika miaka ya viwango vipya, ilikuwa na diski za mbele zenye kipenyo cha takribani inchi 11 na kalipa ya pistoni moja inayoteleza, muundo rahisi kuutunza kuliko ule wa pistoni nne.

Undugu huo ndio kiini cha historia hii. Sehemu inayobeba gurudumu la mbele na kuligeuza, yaani stabu ekseli, iliendelea kuunganishwa na mikono ya juu na ya chini kwa namna ileile ya ukoo wa Falcon. Kwa sababu hiyo stabu ekseli ya Granada iliweza kufungwa katika Mustang ya awali bila kukata chuma wala kuchomelea. Hata mpangilio wa stadi tano za gurudumu ulilingana na ule wa Mustang zenye injini ya V8. Kampuni iliyobana gharama kwa kurudia michoro ya zamani iliwaachia mafundi njia ya kurudi nyuma kwa miaka kumi.

4.0 Yadi kama Ghala na kama Shule

Mafundi hawakuigundua njia hiyo kwa bahati. Walikuwa na mapokeo ya kuvuna breki bora kutoka katika magari mapya zaidi. Ford ilishikilia breki za kuvutwa kwa fito na nyaya hadi toleo la mwaka 1938, kisha ikaingiza breki za mafuta mwaka 1939. Vijana wa California waliounda magari ya mbio kutokana na Ford kuukuu walizing'oa breki hizo za mafuta kutoka yadi na kuzifunga katika magari ya miaka ya mwanzo ya 1930. Jarida la Hot Rod, lililoanza Januari 1948, lilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyousambaza ujuzi wa aina hiyo nchi nzima. Katika miaka ya 1970 na baadaye, mfumo mzima wa mbele wa Mustang II ya mwaka 1974 hadi 1978, pamoja na diski zake, ulipata matumizi yaleyale. Ung'oaji wa vipuri vya Granada ni tawi la mti huo.

Yadi zenyewe zilikuwa na utaratibu wake wa maarifa. Tangu miaka ya 1930 zilitumia kitabu cha mlingano wa vipuri cha Hollander, kilichoonesha kipuri cha gari lipi kinaweza kukaa katika gari lipi. Kitabu hicho kilimwezesha mwenye yadi kuuza kipuri kimoja kwa wateja wa magari mengi. Lakini kilihusu vipuri vinavyolingana moja kwa moja, ilhali badiliko la Granada na Mustang halikuwa la namna hiyo, kwani lilihitaji marekebisho ambayo mtengenezaji hakuyakusudia. Maarifa yake yalipita kwa mdomo, katika vyama vya wenye Mustang na katika majarida ya wapenzi wa magari, na yalithibitishwa yadini kwa kupima kipande dhidi ya kipande.

Bei nayo ilichangia. Granada haikupata wapenzi. Ilipochakaa ilikwenda yadini moja kwa moja, na kwa kuwa ilikuwa imeuzwa kwa mamia ya maelfu, haikukosekana. Thamani yake kwa mwenye Mustang ilitokana na kutothaminiwa kwake na watu wengine wote. Kinyume chake, diski za Kelsey-Hayes za miaka ya 1965 hadi 1967, ambazo ndizo zilizokuwa halisi kwa Mustang ya wakati huo, zilikuwa chache na zilitafutwa na wale waliotaka kulirejesha gari katika hali yake ya kiwandani.

Ikumbukwe pia kwamba yadi zilikuwa zikifanya kazi chini ya shinikizo. Sheria ya Kupendezesha Barabara Kuu ya mwaka 1965 ilitaka yadi zilizo ndani ya futi 1,000 kutoka barabara kuu za taifa zizibwe zisionekane au ziondolewe. Mashine za kusaga magari mazima, zilizoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, zililifanya gari chakavu kuwa chuma cha tanuri ndani ya dakika chache. Kila Granada iliyoingia yadini ilikuwa na muda maalumu wa kutumika kama chanzo cha vipuri kabla ya kuwa malighafi tu.

5.0 Cha Kuokoa na cha Kutupa

Ni kosa kuona kazi hii kama ubanaji wa matumizi usio na mpango. Aliyerudi kutoka yadini na mfumo wa mbele wa Granada alikuwa na rundo la vitu vyenye hadhi tofauti, na ustadi wake ulipimwa kwa jinsi alivyovitenga.

Stabu ekseli na mabano ya kalipa vilikuwa vya kuokoa. Hivi ni vyuma vizito visivyolika kwa matumizi ya kawaida, na baada ya kusafishwa na kukaguliwa kama havina ufa wala kupinda, viliweza kutumika tena. Kalipa ilikuwa ya kuokoa kwa masharti. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani, na gari lililosimama yadini kwa miezi hupata kutu na uchafu ndani ya kalipa. Pistoni ikikwama, pedi haiachii diski, na gari huvutwa upande mmoja dereva anapofunga breki. Hivyo kalipa ilifunguliwa na kuwekewa mipira mipya, au ilipelekwa dukani kama kikuukuu cha kubadilishana na kalipa iliyokwisha kukarabatiwa. Diski nazo zilipimwa unene. Katika magari ya kipindi hicho kiwango cha chini kabisa cha unene kimechapwa katika chuma cha diski yenyewe, na iliyopungua chini ya hapo haikufaa hata kama ilionekana laini na safi, kwa kuwa diski nyembamba haihimili joto.

Pedi, mipira ya kupitisha mafuta na sili havikustahili kuokolewa kamwe, na beringi zilishauriwa kuwa mpya. Hapa palikuwa na hatari nyingine isiyoonekana. Vitambaa vya msuguano vya wakati huo vilikuwa na asbesto kwa kawaida, katika viatu vya dramu vilivyoondolewa na katika pedi zilizong'olewa vilevile. Fundi aliyelipuliza vumbi la breki kwa hewa ya kompresa alilivuta kifuani. Badiliko lililokusudiwa kulinda maisha barabarani liliweza kuyahatarisha gerejini.

Baada ya kutenga vipuri, kazi iliyobaki ilikuwa ya kuupatanisha mfumo. Tundu la tairodi katika stabu ekseli ya Granada lilikuwa kubwa kuliko ncha ya tairodi ya Mustang za mwanzo, na kulegea mahali hapo ni kupoteza usukani. Ilibidi itafutwe ncha inayolingana na tundu hilo. Pembe za usukani zilibadilika kidogo, na baadhi ya magari yaliyumba kila gurudumu lilipopita juu ya tuta. Ringi nyingi za inchi 14 zilizoundwa kwa dramu ziligusana na kalipa.

Muhimu kuliko yote ilikuwa masta silinda. Ile ya dramu huwa na vali ndogo inayobakiza shinikizo la takribani pauni 10 kwa inchi ya mraba ndani ya mabomba. Shinikizo hilo likibaki katika mkondo wa diski, pedi hubana muda wote na kuunguza diski. Tena, kalipa huhitaji mafuta mengi kuliko silinda ndogo za dramu, na kadiri pedi zinavyolika ndivyo mafuta yanavyoshuka katika hifadhi yake. Mwisho, diski za mbele zikiunganishwa na dramu za nyuma bila vali ya kusawazisha shinikizo, magurudumu ya nyuma huweza kujifunga kwanza na gari likazunguka barabarani.

Maelezo haya yanaonesha kwamba breki ya diski haikuwa kitu cha kuhamishwa peke yake. Aliyefunga diski za Granada na kuiacha masta silinda ya mwaka 1965 yenye mkondo mmoja alikuwa amechukua nusu ya sheria ya mwaka 1966 na kuiacha nusu nyingine, tena ile iliyokuwa ya lazima zaidi. Hapo ndipo udhaifu wa uhamishaji usio na mkaguzi ulipokuwa. Gari hilo lingeweza kusimama vizuri kila siku, likampa dereva imani mpya na mwendo mkubwa zaidi, hadi siku bomba moja litakapopasuka.

6.0 Kupungua kwa Granada

Chanzo hiki kilikuwa na mwisho wake. Granada ya mwisho ya ukoo wa Falcon iliundwa kwa toleo la mwaka 1980, kwani ile ya mwaka 1981 ilihamia msingi mwingine. Kadiri miaka ilivyopita, kutu, mashine za kusaga na wenye Mustang wenyewe vilizipunguza zilizosalia. Lincoln Versailles, ndugu wa Granada aliyetoka mwaka 1977 akiwa na diski hata nyuma, aliwindwa kwa ajili ya ekseli yake ya nyuma.

Pengo lililotokea lilijazwa na viwanda vya vipuri, vilivyoanza kuuza seti kamili za kubadili dramu kuwa diski, zikiwa na masta silinda ya mikondo miwili na vali zinazofaa. Inavutia kuona kwamba seti hizo ziliuza yale ambayo mafundi wa yadi walikuwa wamejifunza kwa kujaribu, yaani kwamba kinachobadilishwa ni mfumo mzima. Maarifa yaliyokuwa yakipita kwa mdomo yakawa orodha ya vitu ndani ya boksi.

Kwa wahifadhi, badiliko la yadi liliacha jambo jingine la kujadiliwa. Kwa kuwa halikuhitaji kukata chuma, dramu na stabu ekseli za awali ziliweza kuwekwa rafuni na kurudishwa siku yoyote. Hivyo mgongano kati ya uhalisi wa gari na uhai wa anayeliendesha ulipungua makali, ingawa haukuisha.

7.0 Hitimisho

Makala yamebainisha kuwa badiliko la breki kutoka Granada kwenda Mustang lilitokana na mambo matatu yaliyokutana bila kupangwa: kampuni iliyorudia michoro yake ili kupunguza gharama, serikali iliyolazimisha breki bora katika magari mapya pekee, na yadi zilizoyaweka magari mapya na ya zamani mahali pamoja. Historia ya usalama wa magari ikiandikwa kwa kufuata tarehe za sheria tu, Mustang ya mwaka 1965 hubaki katika mwaka 1965 milele. Ikiandikwa kwa kufuata vipuri, gari hilohilo huonekana likivuka mipaka ya sheria na ya wakati.

Hata hivyo, uvukaji huo ulikuwa na gharama. Kiwango cha serikali huja pamoja na majaribio yake, ilhali kipuri kilichong'olewa huja na chuma chake tu. Majaribio yalibaki kuwa kazi ya aliyeshika spana. Kwa watafiti wa vipuri vilivyotumika mahali popote, swali linalofaa kuulizwa, mbali na kipuri kilitoka wapi, ni yapi kati ya masharti yaliyokifanya kiwe salama yalisafiri pamoja nacho, na yapi yaliachwa yadini.